Nilivyomdanganya daktari kwenye korido

Jumatano, tarehe 14 Juni. Miaka minane na miezi miwili tangu nitoke Rumonge, kwetu Burundi. Jua ni kali lakini upepo wa ziwani unafika hadi hapa Buzebazeba. Leo sikwenda bandarini Kibirizi kubeba mizigo. Nimekaa mlangoni, miguu nimeiweka juu ya ndoo kama nilivyoambiwa, na nimetulia.

Niandike ukweli. Jana nilimdanganya daktari.

Tangu mwezi wa tatu dumu moja la mawese linanikata pumzi kabla sijamaliza ubao wa kupandia boti. Zamani nilikuwa nabeba mawili. Jioni miguu inavimba. Nikilala chali nahisi kama nazama, kwa hiyo nalala nimeegemea ukuta. Zahanati walisema moyo wangu umechoka kusukuma damu, wakanituma hospitali. Huko wiki iliyopita walichukua damu kupima homoni, na jana nikaitwa kupimwa mwendo.

Nilipomwambia Bakari, kuli mwenzangu wa Ujiji, habari ya homoni, alicheka mpaka akatua dumu chini.

"Homoni? Mrundi, usituambie una mimba!"

Mwingine akadakia kwamba hata tumbo limeanza kuonekana. Nikacheka nao. Mimi mwenyewe nilidhani homoni ni mambo ya wanawake.

Lakini sikuwa na raha. Jina langu liko kwenye orodha ya wanaorudi Burundi kwa hiari. Basi linaondoka mwisho wa mwezi huu, na kabla ya kupanda kila mtu anapimwa afya. Mke wangu Goreti alitangulia na watoto miaka miwili iliyopita, mimi nikabaki nitafute bati za nyumba. Nilijua hospitali ikiniandika mgonjwa, nitakatwa kwenye orodha.

Ndiyo maana nilidanganya.

Daktari ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, akanionyesha korido ndefu yenye kiti kila mwisho.

"Baba, utatembea kwenda na kurudi kwa dakika sita. Ukichoka, simama. Si dhambi."

Kwetu makuli ni dhambi. Msimamizi akikuona umesimama, kesho anamwita mwingine. Kwa hiyo kila mtu ana ujanja wake wa kupumzika. Kuna anayejikohoza, kuna anayejifanya anamwita mtu. Mimi huwa nainama kufunga kamba za viatu.

Nikaenda mbio mbio kama ninayeachwa na boti. Raundi ya tatu kifua kikabana. Nikainama, nikashikashika kiatu, nikavuta pumzi. Raundi ya nne nikainama tena. Ya tano tena.

"Baba," akasema, saa mkononi, "kandambili ina kamba gani?"

Nikatazama chini. Kweli nilikuwa nimevaa kandambili.

Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Akanikalisha, akasubiri hadi nilipoweza kuongea. Nikamweleza yote, habari ya orodha na ya Goreti.

Akaniambia moyo ukielemewa unatoa homoni yake kwenye damu, kuuomba mwili utoe maji na chumvi ili upunguziwe kazi. Yangu iko juu sana. "Hata ungekimbia leo, baba, damu yako ilishanieleza." Nikamuuliza kwa nini basi alinitembeza. Akasema damu haimalizi habari. Kuna mtu kipimo chake kinatisha lakini anatembea vizuri, na kuna mwingine kipimo si kibaya sana lakini hafiki mwisho wa korido. Anataka vyote viwili.

Kuhusu basi hakunificha. Mwezi huu hashauri nisafiri. Nimeze dawa, ile ya kukojoza na nyingine mbili, nipunguze chumvi, niache kubeba. Halafu kila siku nitembee, kwa mwendo ambao bado naweza kuongea na mtu. Septemba atapima tena damu na mwendo.

Niache kubeba. Tangu nifike nchi hii sijajua kazi nyingine. Bakari, ambaye leo hatanii, amesema atamwomba msimamizi anipe kulinda madumu.

Asubuhi hii nikampigia Goreti. Nilikuwa nimeshapanga kusema basi limeahirishwa. Nilipomsikia, uongo ukanishinda, nikamwambia moyo wangu unaumwa.

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Kumbe ni moyo," akasema. "Baba Devota, miezi hii yote ukinipigia unahema. Mimi nikajua una mwanamke huko, unamkimbia ndiyo uongee na mimi."

"Mwanamke gani atataka mtu aliyevimba miguu?"

"Mjinga kama mimi."

Kisha akalia kidogo, nami nikamwacha alie. Akasema nyumba wameiezeka kwa nyasi na haivuji sana, nisiugue kwa sababu ya bati. Mwishowe akauliza lini.

Kwa miaka miwili swali hilo nimelijibu "karibuni". Leo nimetaja mwezi. Nimesema Oktoba, kwa basi la wakati huo, daktari akisharidhika Septemba. Naandika hapa nisije nikajigeuza: natarajia kufika nyumbani Oktoba.

"Haya," akasema. "Nawaambia watoto Oktoba. Usinifanye mwongo."