Paja la Senta

Morogoro, Jumapili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia mpaka huku. Magoti yako yanaendeleaje? Na maji bado mnateka kule kule bondeni? Mikorosho imeanza kuchanua? Mimi nipo, sijambo kidogo.

Nasikia huko Mkunya mmeambiwa nimevunjika mguu. Sikuvunjika. Tulikuwa tunacheza netiboli, sisi wa kiwandani na wasichana wa Kilosa, mimi senta kama kawaida. Tulichelewa kufika uwanjani, tukaingia bila kupasha mwili. Nikatoka mbio kuwahi mpira, nikasikia kitu kimekatika nyuma ya paja la kushoto, nikakaa chini. Walinibeba kama gunia la mihogo.

Sasa usinikasirikie kwa hili, maana kukanda ni kazi yako na watu wanatoka mbali kukufuata. Mama Salumu, yule mwenzetu wa Newala ninayepanga naye, alinikanda jioni ile ile kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, kwa nguvu zake zote, kama tunavyofanya nyumbani. Asubuhi paja limekuwa jeusi mpaka gotini. Hospitali, mama wa mazoezi ya viungo alishika kichwa. Akasema msuli ukichanika, siku za mwanzo unataka baridi na kupumzika, na kuuchua ni kuuchana zaidi. Nikavuta kanga, nikalifunika paja. Mimi nimekulia mikononi mwako, Mama.

"Nyumbani ulikuwa unabeba nini?" akaniuliza. Nikamwambia ndoo za maji, kupandisha mlima. Akacheka, akasema ndiyo maana mapaja kwa mbele ni magumu kama mti, lakini kwa nyuma hayana nguvu ya kutosha. Mwanzoni alinilaza kifudifudi, nikunje goti na kifuko cha mchanga kifundoni. Siku hizi ananipigisha magoti, anashika vifundo vyangu, najishusha mbele taratibu huku natetemeka mpaka machozi yananitoka. Anasema nikiyaacha mazoezi hayo, nitachanika tena pale pale.

Lakini kiwanda kimeuzwa, Mama. Sisi wa timu tuliajiriwa kwa ajili ya mpira, mashine za kufuma hatuzijui. Tajiri mpya akasema atakuja kutazama mechi kwanza, ndipo aamue. Kapteni wetu alinifuata mpaka chumbani: "Zaituni, cheza hata nusu tu, tafadhali." Mama wa mazoezi akakataa katakata. Basi nikakaa benchi, nikawatazama wenzangu wakifungwa mbele ya yule bwana. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi. Niliona kama nimewauza.

Kumbe hata ningecheza, ingekuwa bure. Kesho yake alituita, akasema kiwanda chake hakifugi wachezaji, na uwanja utajengwa ghala. Wenzangu wote wamefukuzwa. Mimi nimebaki peke yangu, kwa sababu niliumia kazini na sheria inasema nisiguswe mpaka daktari aandike kwamba nimepona. Wenzangu wakipita dirishani kwangu hawasalimii.

Juzi mama wa mazoezi alinikimbiza uwanja wa hospitali, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Hakuna kilichouma. Akanipigia makofi, akasema kazi imebaki ndogo sana. Mwenzio nikashindwa hata kutabasamu. Nikichechemea makusudi atanijua, na yeye ndiye aliyeniponya. Nimechoka kuwaza, Mama.

Nisalimie mjomba, umwambie asiuze mbuzi kwa ajili yangu. Msalimie dada anayenilelea mwanangu, na mtoto mwenyewe mbusu. Msalimie na mwalimu wa madrasa, mshukuru kwa dua anayonisomea kila Ijumaa. Ila mwambie, kwa heshima zote, apumzike kidogo. Asiniombee nipone haraka.

Mwanao asiyejua la kufanya,
Zaituni