Plasmide ya maharagwe

Butembo, Jumatatu 12 Machi 2001
Nimesoma tena fotokopi ya yaya Paluku, kaka yangu mkubwa, mbele ya kwenda masomo. Mara ya tano. Aliituma toka université ya Kisangani kwa mkono wa padiri. Sasa naelewa yote. Enzyme ni mfanyakazi ndani ya seli, lakini haonekani. Basi wanaunga gène yake, agizo la kumtengeneza, na gène ya taa ya kijani, iliyotoka kwa mnyama wa bahari. Wanaziweka mu plasmide, kaduara ka ADN, uzi wa urithi, wanaingiza mu seli. Seli yenyewe inatengeneza mfanyakazi mwenye taa mgongoni. Akitembea, unamuona.
Hata Prof Kasereka hajui hii. Mimi najua.

Jumanne 13
Exposé yangu ni Ijumaa. Asiyesema mbele ya darasa anapata zéro, na mwenye zéro anatoka bio-chimie. Tangu mwaka wa masomo uanze sijasema hata neno moja pale. Nikiinuka, nakaa tena. Naogopa. Kichwa lakini kiko tayari.

Jumatano 14
Masomo hapana. Askari wamefunga njia ya Beni kwa kamba, wameweka barrière. Camion ya mujomba imerudi na mizigo yake yote. Kuiona imesimama, nimepata mfano! Seli inasoma gène kama camion inavyofuata njia. Butembo: enzyme. Beni: taa. Na kila gène ina barrière mwisho wake. Ukifika pale, unasimama.

Alhamisi 15
Nimeloweka maharagwe toka kijiji cha Kipese, nimetoboa na sindano, nimefunga uzi duara. Nyekundu ni enzyme. Petit pois, njegere ya kijani, ni taa. Nyeusi mbili ni barrière. Nzuri kabisa. Nimefanyia mbuzi exposé nzima kwa Kifaransa. Hakucheka.

Ijumaa 16
Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, kisha ikakua. Nilipotaja barrière, Trésor, mtoto wa komanda aliyetumwa hapa toka Équateur, akapaza sauti:
« Eh, Kahindo! Camion yako itafika Beni namna gani? Si barrière ya papa yangu iko pale katikati! »
Wote wakacheka. Nikaangalia. Kweli. Nyeusi, katikati ya nyekundu na kijani. Nilikuwa nimeweka gène ya enzyme nzima, pamoja na mwisho wake. Yeye alitaka kuchekesha tu, lakini alisema kweli. Kwa plasmide ile, enzyme ingepatikana, taa hapana. Nilitaka kukaa. Zéro.
Nikakata uzi na meno.
« Hii barrière tunaiondoa. Ya mwisho inabaki. Ya katikati hapana. »
 Hakuna mutu anasema hivyo mbele ya mtoto wa komanda. Prof aliangalia dirishani. Nikafunga uzi upya, nikaendelea mpaka kwa taa. Trésor ndiye alipiga makofi wa kwanza.
« Huyu dada, makasi! » Kwa Lingala yake: ana nguvu.
Kumi na saba juu ya makumi mbili. Ninajivuna. Naandika wazi: ninajivuna.

Jumapili 18
Nyuma ya misa mama amekuta plasmide dirishani, amekata uzi, ametia yote mu sufuria. Akauliza ilikuwa nini. Nikamwelezea kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, toka mwanzo. Neno la enzyme sikupata, nikasema mfanyakazi. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.
Akauliza ile nyeusi niliyoondoa iko wapi.
Iko mfukoni mwa uniforme. Imeanza kuota.