Kimo cha Neema

Uvira, mtaa wa Mulongwe
Mvua zimeanza

Dada yangu Yunia,

Hujambo, na goti lako la kushoto je, bado linakutabiria mvua? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Raheli anakula, Isaka anakula kuliko Raheli, na kile kikohozi nilichoondoka nacho kwako kimekwisha. Najua unairuka mistari hii ukitafuta neno moja tu: kama mtoto amezoea, au mwanao Daudi apande meli aje kumchukua, kama tulivyoagana. Nitakujibu. Lakini ndugu yako alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwinjilisti, na mwalimu huanzia mwanzo.

Meli ilitufikisha Kalundu salama. Kutoka bandarini hadi nyumbani Isaka alilia akimwita shangazi yake. Mimi na Raheli tulikuwa tunarudi kazini kwetu, lakini yeye aliondoka huku akinyonya, akajifunza kutembea na kusema mgongoni kwako. Kwake hapa ni ugenini. Nyumba ya misioni tuliikuta imesimama, ila mchwa wamekula mwimo wa mlango. Kazi yangu ni ileile: napanda baiskeli kwenda Nyakabere na Katogota, huko bondeni. Kiha chetu na Kirundi chao ni mtu na nduguye, hivyo sihitaji mkalimani, ingawa wananicheka kwamba Muha anahubiri kama anayeita ng'ombe.

Sasa jambo lenyewe. Siku tuliyofika, wanawake wa mtaa walikuja na bugali, ndio ugali wa huku, na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mbele yao alikuwa jirani yetu Mama Furaha, ambaye sauti yake hufika kabla yake. Akamkumbatia Raheli, akasema, "Karibu kwako, Mama Neema." Raheli akaangusha mzigo aliokuwa ameushika.

Kwenu, kwa huruma, mlimwita Mama Isaka, wala hakuna aliyemtaja Neema. Huku majirani wanaona mama amepewa jina na mtoto wake wa kwanza, na kifo hakina mamlaka ya kumnyang'anya. Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka ule, kabla hatujaja kwako. Mto Mulongwe ulikuwa umefurika, daktari yuko ng'ambo, nasi tumesimama ukingoni na mtoto mwenye homa tukingoja maji yapungue. Maji yalipungua. Homa haikungoja. Neema wakati huo alikuwa na kimo alicho nacho Isaka leo.

Basi fikiria mtoto asiyejua lolote, anayesikia kutwa nzima Mama Neema njoo, Baba Neema habari za safari. Haikupita muda akauliza, "Neema iko wapi?" Nikamwambia hayuko. Kesho yake, tukiwa tunakula mchana, akamega tonge la bugali, akaliweka pembeni mwa mkeka mahali pasipo na mtu. "Ya Neema," akasema, akaendelea kula. Raheli alinawa mikono na kutoka nje.

Ikawa hivyo kila siku. Alimwachia nafasi kwenye mkeka. Alikataa mlango usifungwe mpaka Neema aingie. Mimi nilikuwa na maelezo, kama kawaida yangu. Nilimweleza Raheli kwamba mtoto akisikia jina humtafuta mwenye jina, jinsi akisikia kengele anavyomtafuta mbuzi. Nikalaumu pia Kiswahili cha huku, ambamo neno "iko" hubebeshwa kila kitu: mtu iko, jiwe iko, Mungu iko. Nikamkalisha Isaka nimsahihishe. "Sema, Neema alikuwako." Akanitazama kwa subira, kama mimi ndiye nisiyejua kusema. "Hapana, Baba. Neema iko."

Raheli hakuwa tena akilala vizuri. Aliniambia waziwazi kwamba mmoja alichukuliwa na nchi hii na sasa anamwita mwenzake, na kwamba meli ijayo atampeleka Isaka kwako, nami nikitaka nibaki. Hakuniambia kwa hasira. Alikuwa tayari amekunja nguo za mtoto.

Ndipo Jumapili, baada ya ibada, nikawaomba watu wote watuite Baba Isaka na Mama Isaka, na jina lile lisitajwe tena. Mzee mmoja wa kanisa akasema kumbe mwinjilisti naye amebatizwa upya, watu wakacheka kidogo. Mama Furaha hakucheka. Alinifuata mpaka mlangoni. "Weye Baba Neema, unasoma sana. Lakini hii haiko ya kitabu. Mutu akikwisha kufwa, unabakia na jina tu. Sasa na jina unafukuza?" Nilimjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya mtoto.

Walitii. Jina likatoweka mtaani, na Isaka akaacha kumega tonge. Nikajipongeza. Siku chache baadaye, nikiwa nimetoka tu Katogota, nilimkuta Raheli akizunguka nyumba akiita. Mtoto hakuwapo. Tulimpata mtoni. Wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wamemshika kanzu, maana alitaka kuingia majini. Alikuwa mahali palepale, dada yangu, tuliposimama na Neema. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Najua njia ya kutoka kwetu huishia hapo, na mtoto hufuata njia. Hayo ndiyo maelezo yangu, nami sina mengine.

Raheli akapiga magoti matopeni. Akamuuliza anafanya nini.

"Natafuta Neema. Balimufukuza."

Raheli akamfuta matope miguuni. Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingethubutu. "Neema yukoje?"

Isaka akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akasimama kwa vidole vya miguu, na bado akaona haitoshi. Hicho ndicho kimo ambacho Neema angekuwa nacho sasa.

"Basi amekua," akasema Raheli.

Tuliporudi, Mama Furaha alikuwa kibarazani. Akasema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka daraja bovu, "Pole, Mama Isaka."

"Mimi ni Mama Neema," Raheli akamjibu. "Huyu ni mdogo wake."

Zile nguo amezikunjua, dada. Usimtume Daudi. Mtoto anabaki nasi, na tonge linawekwa tena pembeni mwa mkeka. Siku hizi Raheli ndiye anayelimega. Jana alitaka Isaka ajue dada yake amelala wapi, tukampeleka kule nyuma ya kanisa, chini ya mlima. Alilitazama kaburi kutoka kichwani hadi miguuni, akanyoosha tena mkono juu ya kichwa chake, akatugeukia.

"Iko fupi," akasema.

Sikuwa na la kumsahihisha.

Msalimie Daudi mwanao, umwambie viatu alivyomshonea Isaka vimeanza kumbana. Msalimie shemeji Marko mfua chuma, na mama mkwe wangu, ambaye Raheli anamwomba asilie. Mchungaji wetu mzee mwambie atuombee sisi wanne.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Neema