Taya la Mama lililotoka mashineni

Bukavu, Ibanda

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mgongo umepoa? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haitupi nafasi ya kuanika hata leso.

Tonton, mdogo wako, alinipigia simu kwamba huko Kalemie watu wameshaleta viti vya matanga uani kwetu, kwa sababu Mama amekawia kupasuliwa. Papa, nilikasirika sana. Warudishe viti vyao.

Aliyemchelewesha ni mimi. Unajua kazi yangu hapa hospitali: picha za mgonjwa zinaingia kwenye kompyuta, na mashine inalaza plastiki tabaka juu ya tabaka mpaka mfano wa mfupa wake unatokea. Juu ya mfano huo daktari anakunja mapema bamba la chuma la kushikilia mfupa, ili siku ya upasuaji likae sawasawa. Safari hii taya lilikuwa la Mama, na uvimbe ulishaanza kumbana koo.

Mashine ilipofika kidevuni, umeme ukakatika. Uliporudi ikaendelea, na taya likatoka zuri kwa macho. Lakini nilipopitisha kidole niligusa ukingo: tabaka za juu zilikuwa zimehama.

"Ile ni kakitu kadogo, Bahati," daktari alisema. "Maman hana tena nguvu ya kungojea."

"Dokta, na kile chuma kikikatala kuingia, yeye iko wazi juu ya meza, tutafanya nini?"

Alipitisha kidole chake pale pale, kisha akaniambia nianze upya.

Papa, niliogopa. Haraka haraka haina baraka, tunasema, lakini anayesema hivyo hajamsikia mama yake akikoroma akiwa macho. Kila pumzi yake niliona ukaidi wangu ndio utakaomuua.

Leo asubuhi, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, nilimweleza habari ya viti. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanionyesha kwa kidole lile taya la kwanza, lenye kasoro, mkononi mwangu.

"Mupelekee papa yako ile. Kama banataka kuzika, bazike ile. Miye niko narudia nyumbani na yangu."

Bamba lililokunjwa juu ya taya la pili liliingia bila kusukumwa. Mama hawezi kusema bado, lakini anapumua kimya, na mimi nimelia mbele ya wauguzi bila aibu.

Msalimie dada yangu mkubwa anayekupikia, na Tonton pia. Sina kinyongo naye.

Taya liko pamoja na barua hii, ndani ya kitambaa cha Mama. Chimbeni shimo dogo tu.

Mwanao,
Bahati