Siku Huanza Magharibi

Baba Rukia,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako sasa anaijua Mola peke yake. Nakuombea rehema kila swala. Nikishakunja msala, hasira inarudi pale pale nilipoiacha.

Huu ni mwezi wa tano wa eda. Nimekaa chumbani mwetu hapa Msambweni kama sheria inavyotaka, ila cherehani nimeiondoa dirishani na mahali pake nimeweka kompyuta yako. Mama yako alipoiona aliniambia, "Mwanangu, eda ni ya kumkumbuka mume, si ya kugombana na mashine." Ningemjibu, ningemwambia ninayegombana naye si mashine.

Ile programu yako ya zamu, uliyoichukua kwa watu wa ng'ambo walioiacha wazi ili kila mtu aitengeneze apendavyo, ulijisifu nayo hadi Mkongani. Wenye magari wamejitolea, kila mmoja na usiku wake. Mama akishikwa na uchungu, ujumbe unaingia, kompyuta inamwita dereva wa zamu. Hukuniambia kwamba uliitia kiraka, mistari yako mwenyewe ndani ya maandishi yao. Walioiandika, siku kwao huanza saa sita ya usiku. Kwetu siku huanza jua likitua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni, hata Rukia anajua. Ukaifundisha programu hesabu yetu, kisha ukanyamaza. Nilipokuuliza programu inavyofanya kazi, ulinipa neno moja tu: "Usiiguse."

Usiiguse! Mimi niliyekuwa nikikupita hesabu chuoni Ukunda, benchi moja, kila mtihani! Rukia alipozaliwa ukasema, "Wewe lea, mimi nitaandika," nami mjinga nikaona hayo ni mapenzi.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika, kompyuta iliniomba ruhusa ya kuweka toleo jipya la programu. Nikabonyeza ndiyo. Niliona ni jambo jema, kama kukufulia kanzu zako.

Toleo jipya likafuta kiraka chako. Alhamisi ile, baada ya Isha, mpwa wako Mwanamisi akashikwa na uchungu kule Mkongani kwa mumewe. Kompyuta ikamwita dereva wa usiku wa Alhamisi, ambaye zamu yake aliimaliza alfajiri ya siku ile ile. Simu kaizima, kalala, na ni haki yake. Kina Mwanamisi wakajibiwa na kompyuta kwamba dereva yuko njiani, nao wakangoja. Bakari, mwenye usiku wa Ijumaa, alikaa garini mwake, tangi limejaa, akingoja kuitwa mpaka adhana. Mwishowe walimpakia Mwanamisi kwenye bodaboda. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia.

Watu wakasema ni kadari. Kadari naiamini, Baba Rukia, lakini kadari haikubonyeza kile kitufe.

Madereva wakataka programu itupwe. Bakari akajitwika simu zote yeye mwenyewe, usingizi hana, akanipa muda mpaka mwezi uandame. Nikakitafuta kiraka chako. Nikakuta mafolda matatu: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wallahi". Nilicheka, nikalia, kisha nikakutukana, Mungu anisamehe. Ndani ya hilo la wallahi mlikuwa na mistari tisa, na juu yake maelezo yako yote ni haya: "Hapa pasiguswe." Nani alikuambia utaishi milele?

Tena mistari yenyewe ikakataa kuingia kwenye toleo jipya. Ikabidi nianze upya. Nikashusha maandishi yote ya programu kwa bando la simu, mtandao ukikatika naanza tena. Nikaweka zana za kuijengea, na kila zana ikadai nyingine, kama mgeni aliyekuja na wageni wake. Stima ikizimika nakaa gizani nakusema. Hukuacha hata kikaratasi cha kunionyesha lipi linatangulia lipi. Siku kumi na mbili nimehangaika na jambo ambalo ungenieleza tukinywa chai, na chai isipoe.

Ikajengeka Jumatatu adhuhuri. Nikaiambia leo ni Alhamisi, jua limetua. Ikamwita Bakari. Nilipiga kelele hata mama yako akaja mbio akidhani nimezirai.

Kila hatua nimeiandika daftarini, hata pale nilipokosea. Kiraka nimewapelekea wenyewe huko ng'ambo kiingie kwenye programu yao, toleo lijalo lisikifute, nao wamekikubali. Waliuliza ni nani atakayekisimamia. Jina lako sikulitia. Nimetia langu, kwa sababu wewe ulijua na ukanyamaza.

Nami pia nimenyamaza. Hakuna anayejua kwamba nilibonyeza. Wote wanasema kompyuta iliharibika kwa kumkosa bwana wake, na mimi nimejificha nyuma ya eda nikipokea pole. Mwanamisi mwenyewe alikuja. Alikaa hapa mkekani, maziwa yanamlowesha kanga, akanishika mkono akaniambia nisubiri, Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Alinipa pole mimi! Nikaitikia amina. Siku ile ndipo nilipojua kwamba hasira hii yote si yako peke yako.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Baba Rukia. Naamini Yeye amekwisha kukusamehe. Mimi bado, na sitakudanganya maiti kama nilivyowadanganya wazima.

Eda inakwisha Jumapili. Nitaoga, nitavaa, na safari yangu ya kwanza itakuwa Mkongani. Nakuahidi sitakutaja wewe wala mashine. Nitamwambia Mwanamisi ni mimi niliyebonyeza, kisha nitakaa palepale mbele yake nisikie atakachosema.

Mama Rukia