Baba Naomi, Safari Hii Nimechagua Alumini

Mpendwa Baba Naomi,

Mvua zimekatika hapa Karatu na vumbi jekundu limeanza kuingia gereji. Nimefagia, nimekaa kwenye benchi lako, nikaona leo nikuandikie. Sina habari mbaya. Binti yako ameanza kushindana mbio za magari, na injini nimemuundia mimi.

Siku aliponiambia alikuwa bado na sare ya kazi, ametoka kupeleka watalii kuona wanyama kreta.

"Mama, nimenunua kile kigari cha kule Endabash. Injini yake imekufa. Nataka uniundie nyingine, nikashindane."

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari. Tangu tulipokuzika nilikuwa nabadilisha oili na breki za magari ya watalii tu, injini ya mbio sikuwa nimeigusa. Na huyu ndiye mtoto pekee uliyeniachia. Kumkabidhi gari la namna ile kulinitia hofu.

Nikakukumbuka wewe. Tulivyobishana juu ya injini yetu ya kwanza! Tulikuwa na bloki mbili za injini, ya chuma na ya alumini, tukazipeleka kwa yule mnunuzi wa mahindi kuzipima kwenye mizani yake ya magunia. Ya chuma waliibeba wanaume wawili, wanahema. Ya alumini uliinyanyua peke yako, ukaitupia begani, ukazunguka nayo sokoni kama mtu aliyenunua mbuzi.

"Mama Naomi, pua ya gari ikiwa nyepesi, kona zinakuja zenyewe."

"Lakini unataka na turbo," nikakwambia. "Turbo inaongeza presha ndani ya silinda. Hii haitavumilia."

Ukacheka tu. Dereva ulikuwa wewe, basi nikafunga ya alumini.

Tukaijaribu kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu, mimi nimekaa kando yako. Kabla hatujafika juu mvuke ulifunika kioo chote, ukaegesha gari karibu na wauza ndizi nyekundu. Tulipoifungua injini kule gereji, bolti zinazoshika silinda hedi juu ya bloki zilikuwa zimeng'oka na meno yake, na kuta za silinda zimepinda. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Ukanitazama, ukasema taratibu, "Usiseme, mke wangu. Nimeshasikia." Halafu ukanimenyea ndizi moja katika zile tulizonunua njiani. Sijui kwa nini, lakini nadhani siku hiyo nilikupenda kuliko siku ya harusi.

Tukafunga ya chuma. Ilikuwa nzito kweli. Kwenye kona kali gari lilitaka kwenda moja kwa moja, na wewe ukilifokea kama ng'ombe mkaidi wa kulimia. Lakini haikuchemsha wala haikupasuka, na uliendesha nayo mpaka ulipoanza kuumwa. Siku tulipoliuza gari lile ulinishika mkono mpaka mnunuzi alipotokomea nalo barabarani.

Kwa hiyo Naomi alikuwa na uhakika nitamwambia chuma. Alishaulizia bloki ya chuma hadi Arusha. Mimi nikamuuliza kama gari litakuwa na turbo.

"Hapana, kundi letu haliruhusiwi."

"Na barabara ikoje?"

"Fupi, mama. Za mashambani, kona tupu."

Nikakaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha nikamwambia atafute ya alumini.

"Si wewe uliyembishia baba?"

"Nilimbishia kwa gari lile. Lako halina presha ya kuipasua. Alumini inapoa upesi, na mbele patakuwa pepesi. Utakata kona bila kupigana na usukani."

"Unaongea kama baba."

"Baba yako alizijua kona," nikamwambia. "Upande wa kona hakukosea."

Tukaanza kazi. Kila jioni akirudi kutoka kwa wageni anavaa ovaroli yako, imemzidi mikono. Nilimfundisha kukaza bolti kidogo kidogo, kwa mpangilio, maana alumini ukiitumia nguvu inakuharibikia mkononi. Ana subira ambayo wewe hukuwa nayo. Nilipowasha injini mara ya kwanza ikaitika, hofu yangu ilipungua. Haikuisha, ila ilipungua.

Siku ya mashindano nilishindwa kutazama. Nikageukia mashamba ya ngano, nikasikiliza tu. Injini haikukohoa hata kidogo. Akawa wa pili. Aliposhuka, uso wote vumbi, alifungua boneti kwanza akagusa rejeta, ndipo akanikumbatia. Joto halikuwa limepanda.

Wakati wa kurudi akanipa ufunguo. Unajua miaka yote hiyo nimetengeneza magari ya mbio, lakini kuyaendesha sikuwahi. "Kaa wewe, mama," akasema, akahamia upande wa abiria na kufunga mkanda. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu wala mfugo. Kona ya kwanza nilikwenda polepole. Ya pili nikakanyaga mafuta, gari likageuka lote kwa wepesi, na Naomi akaanza kucheka. Baba Naomi, sikupunguza mwendo mpaka tulipofika lami.

Pumzika salama. Sisi huku tupo, na tunaendelea vizuri.

Mkeo,
Mama Naomi