Kuaga Si Kutoroka

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Hapa Ujiji tu wazima, na bibi yako yuko Katonga anaanika dagaa. Unasema maji yameingia bwenini, nawe unaogopa kuondoka usije ukapoteza ufadhili.

Tulipotoka vitani, jeshi lilinisomesha ufundi pamoja na Hamisi, askari mwenzangu. Kipindupindu kikaingia chuoni. Mimi nilimuaga mkuu wa chuo, nikaja nyumbani. Hamisi alikataa. "Askari haachi lindo," alisema. "Wataniita mtoro, na masomo yataishia hapo."

Ugonjwa ulipokwisha nilirudi, na jeshi likaendelea kunilipia. Hamisi alikuwa ameshazikwa. Kitanda chake nilikikuta kimetandikwa kijeshi, shuka limenyooka, kama alivyokiacha.

Waage wakuu wako, mama, kisha njoo.

Babu yako